Jaribio Lililokosa wa Kulifunga

Mgeni rasmi, meza kuu, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa. Naanza hivyo kwa sababu sijui kuanza vingine. Mimi ni Kondo Sefu, mshereheshaji wa serikali, na tangu nishike kipaza sauti sijawahi kufungua mdomo kabla ya kuizingatia itifaki. Hata siku ya kwenda kuposa nilianza hivyo hivyo. Mama mkwe akapiga makofi, nikajua nimekubaliwa.

Nchi yetu siitaji jina, maana kulitaja nje ya sherehe kunahitaji kibali, na anayetoa vibali yuko semina. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina amani, na ina mila moja ambayo majirani wanatuonea wivu. Jambo likifunguliwa na mgeni rasmi, hufungwa na mgeni rasmi yule yule. Si naibu wake, si mwakilishi wake, si mtu aliyetumwa na salamu zake. Yeye mwenyewe.

Wapo wanaonung'unika, hawakosekani. Hutaja mechi ya mpira iliyofunguliwa na mkuu wa mkoa ambaye kesho yake alihamishwa, ikakosa wa kuifunga. Ni kweli, mechi ile inaendelea mpaka leo. Wachezaji wa mwanzo wameshastaafu, wameingia watoto wao, na refa ni mjukuu wa refa. Lakini nendeni pale mkaone nyasi zilivyokatwa vizuri.

Basi, habari yenyewe inamhusu dada yangu Mwajabu, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki huenda hospitali kuu, akalala kando ya mashine inayomtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Akikosa mara moja, miguu inavimba. Akikosa mara mbili, anahema utadhani kapanda ghorofa na gunia la mkaa. Akikosa mara tatu... hapo daktari hubadilisha mazungumzo, huniuliza sherehe zinaendeleaje. Kwa hiyo dada hakosi. Huenda na mto wake mdogo wa maua kwapani, maana mito ya hospitali anasema imeshalaliwa na misiba mingi.

Zamani utaratibu ulikuwa wa kishamba. Sista Adventina, muuguzi wa wodi ile, alisimama mlangoni, akatazama benchi, akasema, "Mwajabu, njoo mama." Na Mwajabu akaenda. Ndivyo ilivyokuwa! Hakuna kompyuta, hakuna takwimu, mtu anamwita mtu kwa kumwona na macho. Serikali ikaona aibu hiyo, ikasema hapana.

Ndipo ukaletwa mfumo uitwao Foleni Njema. Kila mgonjwa nchini angejiandikisha humo, angepewa zamu humo, na mashine za hospitali ziliungwa nao moja kwa moja. Mfumo usipoita jina lako, mashine haiwaki. Ukiliita, inawaka.

*

Waziri wa Huduma za Haraka wakati huo alikuwa Mheshimiwa Profesa Mbalamwezi, mtu wa haraka kwelikweli. Sherehe zote hufika amechelewa, lakini kutoka kwenye gari mpaka jukwaani hukimbia. Aliitisha kikao cha uzinduzi, nami nikaitwa kwa ajili ya itifaki. Aliyeujenga mfumo alikuwa binti mmoja mwembamba, Injinia Tumsifu, ambaye alizungumza upesi upesi kama anayeogopa umeme utakatika.

"Mheshimiwa, kabla ya kuzindua tunaomba tuujaribu," alisema. "Ule mfumo wa pasipoti ulianguka asubuhi ya kwanza kwa sababu watu walibonyeza wote kwa mpigo. Huu wa hospitali ukianguka, watu watakufa."

"Unaujaribuje?" akauliza Waziri.

"Tunaunda wagonjwa wa mfano, mheshimiwa. Si watu, ni programu inawabuni. Tunaingiza mia, halafu elfu, halafu maelfu kwa wakati mmoja. Wanajiandikisha, wanaomba zamu, na sisi tunaangalia mfumo unaelemewa wapi. Ni kama daraja jipya, unalipitishia malori ya mchanga kabla hujapitisha mabasi ya abiria."

"Na wagonjwa hawa wanalalamika?"

"Hapana, mheshimiwa. Wanabonyeza tu. Tumewawekea hata muda wa kusita. Kila mmoja anatulia kidogo kabla ya kubonyeza, kama mtu anayesoma maelekezo."

Waziri akamgeukia Katibu Mkuu. "Umesikia? Wanasoma maelekezo! Wananchi wa namna hii tumewatafuta tangu uhuru."

"Na jaribio tutalifanyia kwenye nakala, mheshimiwa," Injinia akaendelea, maskini, hakujua alipokanyaga. "Mfumo wenyewe tusiuguse."

Waziri akavua miwani.

"Nakala? Mimi nifungue nakala?"

"Hata halifunguliwi, mheshimiwa. Tunaliwasha tu pale ofisini."

"Kwa hiyo nisingealikwa."

Katibu Mkuu akakohoa, akamweleza binti wa watu kwa upole kwamba katika nchi yetu mgeni rasmi hafungui nakala. Hafungui kisima cha mchoro, hakati utepe wa shule ya udongo wa mfinyanzi. Hufungua kitu chenyewe. Injinia akasema kwamba wagonjwa wa mfano wakiingia kwenye mfumo wenyewe watachukua zamu za kweli. Katibu Mkuu akasema hilo ni dogo, watatolewa jioni, jaribio likishafungwa. Binti akafumba mdomo. Angefanyaje? Mwajiriwa mpya, kodi ya nyumba inamsubiri.

*

Sherehe ilipendeza, na si kwa kujisifu. Utepe ulifungwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, ngoma mbili, kwaya moja, na mbuzi watano jikoni. Mheshimiwa alihutubia akasema, "Leo taifa letu linaingia katika kundi dogo la mataifa yenye wagonjwa wasio na ugonjwa!" Nikasema makofi, watu wakapiga. Akabonyeza.

Ukutani ilionekana namba inapanda. Mia, elfu, maelfu, wote wanabisha hodi kwa wakati mmoja. Foleni Njema ikasita, ikajikaza, ikasimama imara. Injinia Tumsifu alilia kwa furaha, na nisimnyime haki yake, mfumo wake ulikuwa mzuri. Kufunga jaribio kulipangwa baada ya chakula.

Chakula kikiwa katikati, redio ikatangaza mabadiliko. Mheshimiwa Profesa Mbalamwezi ameteuliwa kuwa balozi katika nchi ya mbali, na anatakiwa kuripoti mara moja. Nimeshasema ni mtu wa haraka. Aliondoka na paja la mbuzi mkononi, na jaribio likabaki wazi.

*

Siku ya zamu ya dada nilimsindikiza. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa. Sista Adventina akatoka mlangoni, safari hii ana kishikwambi mkononi, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma lugha asiyoijua.

"Mfano Kumi na Saba!"

Watu wakatazamana. Sista akasubiri kwa muda uliopangwa, akaingia ndani, akatandika kitanda. Mashine ikawaka, ikanguruma saa zake zote kando ya kitanda kitupu, ikazima. Kishikwambi kikaandika kwamba mgonjwa ametibiwa. Sista akatoka tena.

"Mfano Kumi na Nane!"

"Sista," dada akasema, "huyo Mfano ni wa ukoo gani, mbona ndugu zake ni wengi hivi?"

Watu wakacheka. Sista hakucheka. Alisema, "Mama Mwajabu, nisamehe. Nimebonyeza jina lako tangu alfajiri. Linaniambia zamu zimejaa." Kisha akageuka upesi ili tusimwone uso.

Tukarudi nyumbani na mto wetu. Jioni redio ikatangaza matokeo ya siku: wagonjwa wote waliopewa zamu wametibiwa, hakuna aliyelalamika, hakuna aliyefariki. Wafadhili wakatuma pongezi. Mimi mwenyewe nilisherehesha hafla ya kuzipokea.

Zamu ya pili ikawa vile vile. Miguu ya dada ikaumuka, viatu vikakataa, akawa anavaa kandambili zangu. Nikaenda kwa Injinia Tumsifu.

"Zima," nikamwambia.

"Kaka Kondo, nikibonyeza pa kuzima panauliza kidole cha mgeni rasmi. Niliagizwa niweke hivyo. Ni itifaki."

Nikaenda kwa Katibu Mkuu. Alinipokea vizuri, akaagiza chai. "Suala lenu tunalo," akasema. "Tatizo ni kwamba balozi hawezi kuja kufunga akiwa balozi. Alifungua akiwa waziri. Lazima kwanza awe waziri tena."

"Atakuwa lini, mzee?"

"Ndugu Kondo, mambo ya uteuzi hayaulizwi."

"Lakini dada yangu anavimba!"

"Pole sana. Ajiandikishe."

"Foleni imejaa watu ambao hawapo, mzee."

Akaweka kikombe chini. "Usiwaseme hivyo. Wao wamo kwenye mfumo. Dada yako ndiye hayumo." Nikamaliza chai, nikaaga.

*

Zamu ya tatu tulikwenda kwa bajaji, maana kutembea alishindwa. Hakuweza hata kuegemea, alikaa wima akivuta pumzi moja moja. Nilikuwa namtazama kifua, nasema moyoni Mungu wangu, ndiyo leo. Nina sauti inayojaza uwanja mzima, na pale kwenye benchi haikunisaidia kitu.

Sista akatoka. Zamu za akina Mfano nazo zilikuwa zinajirudia kila wiki, kama zetu. "Mfano Kumi na Tisa!"

"Nipo!"

Nikageuka nione ni nani. Alikuwa dada.

Sista Adventina akamtazama, akatazama kishikwambi, akamtazama tena. "Wewe ndiye Mfano Kumi na Tisa?"

"Tangu nizaliwe."

"Hapa... hapa imeandikwa mwanamume, miaka thelathini."

"Maradhi yamenizeesha, sista. Na hayo mengine usiniulize mbele za watu."

Sista akamshika mkono, akakibana kidole chake kwenye kioo. Kishikwambi kikalia ting! kwa furaha, maana kilikuwa hakijawahi kupata kidole hata kimoja. Mashine ikawaka, na safari hii ilikuwa na damu ya mtu ndani yake. Mimi nililia palepale mlangoni, mwanamume mzima na tai yangu.

Benchi lilikuwa limeona. Alipoitwa Mfano Ishirini, akaitika mama mmoja. Mzee Ngwali, fundi baiskeli, akawa Mfano Ishirini na Moja, mjamzito wa miezi saba, akapewa na maziwa. Kufika wiki ya pili wodi nzima ilikuwa ya wagonjwa wa mfano, wenye nyama na mifupa, wakinywa uji.

Palikuwa na jambo dogo tu. Mfumo huruhusu kidole kimoja kwa mtu mmoja, na kidole cha dada sasa kilikuwa cha Mfano Kumi na Tisa. Mwajabu Sefu akafutika. Tulipoulizia, jibu lilikuwa moja: hayupo.

"Afadhali Mwajabu asiwepo, mimi niwepo," alisema, na akacheka hadi mrija ukatikisika. Wizara ilikuwa inamtumia ujumbe kila Ijumaa: Mpendwa Mfano, serikali inakujali. Aliniwekea simu usoni. "Umeona? Miaka yote nimekuwa mtu, hawakuniandikia hata salamu. Nimekuwa wa kubuni siku mbili tu, napendwa!"

"Shukuru basi, dada."

"Nashukuru. Lakini wewe, baba makofi, nina neno nawe. Umewapigia makofi mawaziri, umepigia visima, umepigia hata lile trekta lililogoma kuwaka. Mimi niliyekuogesha hujanipigia hata kofi moja."

"Dada, wewe hujawahi kuzinduliwa."

"Mshenzi mkubwa," akasema, na akanipa nusu ya chungwa lake.

*

Kama mjuavyo, katika nchi yetu viongozi hawaishi, huzunguka. Balozi akateuliwa tena kuwa Waziri wa Huduma za Haraka, na kazi yake ya kwanza ikawa kulifunga jaribio. Nikapigiwa simu nishereheshe.

Asubuhi ya sherehe, wakati wa kupima vipaza sauti, Injinia Tumsifu alinivuta nyuma ya jukwaa. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka Kondo, akibonyeza, wagonjwa wote wa mfano wanafutika na kila kilichoshikamana nao. Majina, zamu, vidole. Mashine iliyowashwa kwa jina lao inazima hapo hapo."

"Dada yangu yuko kwenye mashine sasa hivi!"

"Najua. Nimepiga simu wodini. Ameingia kwa kuchelewa, anatoka saa nane."

Kufunga kulipangwa saa sita. "Sawa," nikasema, "halafu atajiandikisha upya kwa jina lake."

Akatikisa kichwa. "Kidole chake mfumo utakikataa. Utakikumbuka kuwa ni cha mtu wa kubuni. Kulirekebisha hilo ni kazi ya siku moja, lakini ni mfumo mpya, lazima ufunguliwe. Nimeomba tarehe. Hawajanijibu."

Mambo ya kesho nikaiachia kesho. Mshereheshaji hana mamlaka yoyote duniani, ila moja tu, nani atambulishwe na kwa muda gani. Nikapanda jukwaani.

Nilitambulisha meza kuu, jina, cheo na mji aliozaliwa kila mmoja. Nikatambulisha wake zao na waume zao. Nikatambulisha madereva wao, nikawataka wasimame wapunge mkono. Nikaita kwaya iliyoimba, ikaimba tena, nikasema ubeti wa pili haukusikika vizuri kule nyuma. Saa sita ikapita. Nikatambulisha wapishi. Nikatambulisha mafundi wa mahema, walinzi wa geti, na mtu aliyeleta barafu. Meza kuu ikaanza kutazamana. Katibu Mkuu akanionyesha saa yake, nikamtambulisha kwa mara ya pili. Jasho linanitoka mgongoni, na saa saba hiyoo imefika, na watu wote waliokuwapo pale nimewamaliza.

Waziri akasimama mwenyewe. Yeye ni mtu wa haraka. Akaanza kuielekea kompyuta, kidole mbele.

"Mheshimiwa!" nikaita. "Bado mmoja!"

Akasimama. Sauti yangu ilikuwa inakwenda moja kwa moja redioni, na redio, nilijua, iko juu ya kabati la wodi.

"Naomba kumtambulisha dada yangu," nikasema. "Anaitwa Mwajabu Sefu. Ndiye aliyenilea. Hayuko hapa, yuko hospitali kuu, kwenye mashine, na damu yake iko nje ya mwili wake. Ukibonyeza sasa, mheshimiwa, mashine itazima. Nakuomba umsubiri. Nakuomba mpaka saa nane tu."

Waziri akamtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akagusa kompyuta, akasoma, akatabasamu. "Mheshimiwa, hakuna mtu wa jina hilo. Hayupo."

"Ahaa!" Waziri akacheka, akaninyooshea kidole. "Kondo bwana! Kumbe una utani!"

Meza kuu ikacheka. Uwanja ukacheka. Walicheka hadi madereva, na baada ya kucheka wakapiga makofi, makofi mazito sijawahi kuyapata katika kazi yangu yote. Ndani ya makofi hayo Waziri akabonyeza. Namba ya ukutani ikashuka, ikashuka, ikafika sifuri.

"Nchi nzima," akatangaza, "haina mgonjwa hata mmoja!"

Wakanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kusema neno langu, na nikalisema: makofi.

*

Nilimkuta dada yuko hai. Mashine ilipozima, Sista Adventina aliuzungusha mpini wa chuma wa mashine kwa nguvu zake mwenyewe, taratibu, mpaka damu yote ikarudi mwilini. Kusafishwa haikumaliza. Sista alikuwa ameketi sakafuni anasugua bega.

"Nilikusikia redioni," dada akasema. "Umetambulisha mpaka mleta barafu."

"Nilikuwa natafuta muda, dada."

"Najua. Na mimi ukanitaja, kwa jina langu." Akavuta pumzi. "Wakacheka."

"Wakapiga na makofi."

"Basi nimepigiwa," akasema. "Nipe mto wangu, twende."

Zamu iliyofuata tulikwenda, kwa sababu hatukujua kwingine pa kwenda. Benchi lilikuwa limejaa kama siku zote, Mzee Ngwali pembeni na kikombe cha maziwa kitupu. Kidole cha dada kilikataliwa mlangoni, kikajaribiwa kingine, vyote kumi. Ndani mashine zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, safi kabisa. Kandambili zangu zilikuwa zimeanza kumbana.

Sista Adventina akatoka mlangoni kwa mazoea, kishikwambi mkononi. Akakitazama. Hakikuwa na jina hata moja. Akainua macho, akatutazama benchi zima, mdomo wazi, asiwe na wa kumwita.

"Nipo," dada akasema.